Maikrowevu ya Merle

Nimeng'oa maikrowevu nyingi kuliko meno niliyobakiwa nayo. Hapa jangwani Arizona, kusini ya Quartzsite, gari-nyumba likija na maikrowevu, ile tanuri ya umeme ya kupashia chakula, ukutani na mwenyewe hana umeme wa kuiendesha, anaambiwa akamtafute Hollis. Hollis ndiye mimi. Nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mbao mpaka mgongo ulipokataa. Skrubu sita, waya mmoja, na pale ilipokaa panakuwa kabati la sufuria. Alasiri watu wanapokaa duara kwenye viti vya kukunja, ubishi haukosi: wengine wanasema maikrowevu ni lazima, wengine wanasema ni mzigo wa bure unaokula betri. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mimi nilidhani zangu ndizo ndefu kuliko za wote. Siku zote nilisema ng'oa. Basi ngoja niwasimulie Arvilla Stroud, maana maikrowevu yake niliing'oa mimi kwa mkono wangu.

Arvilla alikuwa na miaka sabini na miwili wakati huo, mfupi, mikono minene ya mtu aliyebeba masufuria. Alipika jikoni mwa shule huko Nebraska miaka ishirini na sita, na tabia ya foleni ya watoto haikumtoka. Ukienda kwake kwa supu alikwambia chukua bakuli, songa mbele, usimwage. Mumewe Merle alikuwa fundi wa laini za simu, mpanda nguzo, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Walipostaafu waliuza nyumba wakanunua gari-nyumba kuukuu, wakawa watu wa barabarani kama sisi: kiangazi milimani, kipupwe huku jangwani. Miaka mitano ilikuwa mizuri. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia Merle. Kwanza alisahau barabara, halafu majina ya watu, halafu kiatu kipi ni cha mguu upi.

Mimi na Arvilla tulianza kwa ugomvi. Huku kwetu sheria hazikuandikwa popote ila kila mtu anazijua, na mojawapo ni kwamba huwashi jenereta kabla ya saa mbili asubuhi. Jangwa halina ukuta. Jenereta moja inaamsha kambi nzima. Arvilla aliwasha yake saa kumi na mbili na nusu, kila siku ya Mungu, dakika kumi, kelele kama trekta lililokwama matopeni, kisha akaizima. Watu walinung'unika wiki nzima bila mmoja wao kwenda kusema. Nikaenda mimi, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki.

"Arvilla, hilo dude lako litatuua. Mnapasha nini alfajiri yote hiyo?"

"Kikombe cha kahawa," akasema.

"Kikombe kimoja?"

"Kimoja. Changu."

"Si una jiko la gesi?"

"Vifundo vyake vya kuwashia nimevificha, Hollis. Merle na moto wameachana. Hebu kaa chini, acha kunisimamia kama mkaguzi wa shule."

Nikakaa, akanieleza. Tangu waliponunua maikrowevu yao ya kwanza, miaka thelathini nyuma, Merle alikuwa akiamka kabla yake, anamimina kahawa iliyobaki jana kwenye kikombe, anaipasha dakika moja na nusu, anampelekea kitandani. Aliipenda hivyo hivyo, kahawa ya jana, chungu. Sasa Merle hawezi kufunga vifungo vya shati, lakini kikombe hicho bado anakiweza. Anafungua kimlango, anaweka, anabonyeza vitufe vyake, anangoja kengele, anapeleka. Ila huku jangwani maikrowevu haina umeme mpaka jenereta iwake. Kwa hiyo Arvilla huamka mapema zaidi yake, ananyata, anabonyeza swichi ya jenereta iliyo ukutani, anarudi kitandani, anafumba macho.

"Mtu mzima mimi, najifanya nimelala," akasema, akacheka kidogo, halafu kicheko kikamkauka. "Hajui leo ni siku gani, Hollis. Hajui kama binti yake ana watoto. Lakini akishika kile kikombe anajua kina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Siku akiacha kukileta, mimi kwake nitakuwa nani?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliondoka pale mkia katikati ya miguu, nikawaambia wenzangu wazibe masikio au wahamishe magari. Wengine walihama, na hakuna aliyemsumbua tena. Maneno yake niliyasikia, ila kusikia ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkaba Arvilla. Binti yao mmoja, Rochelle, aliishi Omaha, mwanamke mwenye huruma lakini mwenye haraka. Mwezi wa Desemba Merle alitoka nje alasiri moja akatembea maili tano jangwani bila kofia, akitafuta laini iliyokatika, mpaka vijana wa pikipiki za mchanga walipomwokota. Rochelle alikuja kwa ndege, akalia, akaona namna wanavyoishi, akatoa neno lake. Likitokea jambo jingine hata moja, baba anakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Omaha. Kitanda kilikuwapo kimoja tu, cha mgonjwa. Mama angelala chumba cha chini kwa Rochelle na kwenda kumwona mumewe Jumapili.

"Nikimwacha kule atanisahau ndani ya mwezi," Arvilla aliniambia. "Wakimchukua mwili watakuwa wameniacha mjane wa mtu aliye hai."

Huo ndio uliokuwa mzigo wake: akae naye, na akae kichwani mwake. Kila alichofanya tangu siku ile kilikuwa kwa ajili hiyo. Aliweka kengele za mbuzi mlangoni Merle asitoke bila kusikika. Alimfunga kamba ya tochi shingoni. Alikonda, na kila nilipomuuliza alisema hajambo, na mimi nikajifanya nimeamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Sasa niwaambie kuhusu mkate. Jangwa letu lina panya wanaotafuna kila kitu, mpaka nyaya za injini, na ndani ya gari-nyumba kuna sanduku moja tu la chuma lenye mlango unaofunga sawasawa. Ndiyo maikrowevu yenyewe. Kwa kuwa huku haina umeme, wale ambao hawajaing'oa wanaifanya kabati la mkate. Arvilla naye alifanya hivyo: mkate, biskuti zilizofungwa kwa foili, ile karatasi ya alumini, visanduku vya plastiki vya dawa za Merle. Usiku vilikaa humo. Asubuhi, kabla ya kugusa swichi ya jenereta, alivitoa vyote akaviweka kwenye beseni la kuoshea vyombo. Hakusahau hata siku moja, maana jenereta ilikuwa mkononi mwake, na bila yeye mashine ilikuwa sanduku tu.

Serikali inaturuhusu siku kumi na nne mahali pamoja, kisha tuhame. Mwezi wa Februari zilipokwisha, mimi na wao tukaenda pamoja kwenye kambi ya kulipia, tukamwage maji machafu, tujaze matangi, tujipumzishe siku mbili. Kambi ya kulipia ina nguzo za umeme za kuchomekea magari. Arvilla alichomeka waya wa gari jioni, akaoga maji ya moto, akala, akalala kama aliyepigwa rungu. Mkate aliuweka mahali pake kama kawaida. Usingizi wa mwili uliochoka haumuulizi mtu ruhusa, na asubuhi ile hapakuwa na jenereta ya kuamkia kuiwasha.

Nilikuwa nje napiga mswaki nilipoona moshi dirishani kwao. Merle alikuwa ameamka mwenyewe, akafungua kimlango, akakisukuma kikombe katikati ya mkate na biskuti, akabonyeza. Foili ikatoa cheche, mfuko wa mkate ukashika moto. Badala ya kuuacha mlango umefungwa alifungua akatia mkono ili amtolee mkewe kahawa yake. Nilikimbia kwenye nguzo nikang'oa waya, nikaingia nikafunga kile kimlango kwa teke. Moto ulijifia humo humo. Hapakuungua kitu ila mkate, dawa, na vidole vitatu vya Merle. Arvilla alikaa kwenye ngazi ya gari akiwa na gauni la kulalia, akiushika ule mkono kwenye bakuli la maji, akirudia kusema kwamba alisahau umeme upo.

Ilikuwa Jumapili, na Jumapili Rochelle hupiga simu ya kuonana. Arvilla aliosha uso, akavaa, akatabasamu kwenye simu. Merle akauinua mkono wake mbele ya kioo cha simu, umefungwa bandeji, akamwambia binti yake kwa upole, "Laini imeungua."

Mazungumzo yaliyofuata nilisikia ya upande mmoja tu. Arvilla alibembeleza. Sijawahi kumsikia mtu mwenye sauti ile ya jikoni akibembeleza, na sipendi kukumbuka. Mwisho Rochelle alilegea kidogo. Ile mashine itolewe leo hii, apigiwe picha ya tundu lake, na baba atabaki mpaka majira ya kuchipua waone. Isipotolewa, anakuja Alhamisi.

Arvilla akaweka simu, akaniangalia. "Wewe ndiye fundi. Unasemaje?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Mimi ni fundi umeme. Swichi moja ndogo ndani ya kabati la nguo, nyuma ya nguo, mahali asipopaona Merle, na mashine isingewaka ila Arvilla atake, iwe jangwani au kwenye nguzo. Kazi ya nusu saa. Rochelle si mtu wa kutoelewa akielezwa, na picha ya swichi ni picha pia. Wazo hilo lilinijia wiki tatu baadaye nikiwa natia mafuta. Siku ile nililokuwa nalo kichwani ni kwamba nimesema miaka yote kuwa maikrowevu haina kazi kwenye gari-nyumba, na leo ushahidi umewaka moto mbele yangu.

"Ng'oa," nikasema. "Ungeing'oa zamani."

"Na kikombe changu?"

"Atazoea."

Arvilla akaenda kuchukua vyombo vya kujaza pale mahali, ili tundu lisikae tupu.

Merle alinisaidia. Alikinga kiganja kisichoungua, nikawa namwekea skrubu moja moja, na yeye akazihesabu kwa midomo bila sauti kama alivyofanya juu ya nguzo maisha yake yote. Tulipoishusha alinipiga begani akasema, "Kazi safi, bwana." Arvilla akapiga picha, akaituma, na jibu likaja la moyo mwekundu na neno asante. Mashine niliiweka chini ya benchi kwangu.

Asubuhi ya kwanza, Arvilla aliniambia, Merle alisimama mbele ya lile tundu na kikombe mkononi. Aliangalia sahani zilizopangwa mle. Arvilla alimwita kutoka kitandani, "Merle, lete tu hivyo hivyo, hata baridi nitakunywa." Hakusogea. Alikuwa akingoja kengele. Alisimama mpaka miguu ikaanza kumtetemeka, Arvilla akamwondolea kikombe mkononi akamketisha. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Ya nne akasimama kidogo tu, akainywa mwenyewe. Ya sita hakuamka kukishika kikombe. Arvilla alijaribu kumtangulizia kikombe mezani, alijaribu kahawa ya moto kwenye chupa, alijaribu hata kuiga mlio wa kengele kwa mdomo akiwa chini ya blanketi. Alinieleza hayo akicheka huku machozi yanamtoka. Nikamwambia tena atazoea. Ningekuwa na akili ningeng'ata ulimi.

Siku ya tisa, saa nane mchana, tumesharudi jangwani, alikuja kwangu mbio bila viatu. Alikuwa ametoka kuanika nguo, na Merle amefunga mlango kwa ndani.

Tulikwenda. Merle alikuwa dirishani, ametulia kabisa, kama karani. Arvilla akamwambia amfungulie, jua linachoma. Akamjibu kwa adabu kwamba hawezi kumfungulia mtu asiyemjua, mama atamsamehe, mke wake bado amelala.

"Mimi ndiye mke wako, Merle. Ni Arvilla."

"Hapana, mama," akasema. "Mke wangu yuko ndani. Naenda kumpelekea kahawa."

Arvilla akaweka viganja vyote viwili kwenye bati la gari lililochomwa na jua na hakuvitoa mpaka nilipomvuta. Nikarudi kwangu mbio kwa kadiri magoti yanavyoruhusu. Nikavaa mkanda wa zana, nikaibeba ile maikrowevu, nyeusi ndani lakini mtambo wake mzima. Merle alipoona mkanda na bisibisi alifungua mara moja. Fundi ni fundi. Akauliza, na huyu mama? Nikamwambia ni msaidizi wangu. Arvilla akaingia nyumbani kwake kwa jina hilo, kichwa chini.

Sijawahi kufanya kazi kwa haraka vile. Sahani nje, waya, skrubu sita. Arvilla akawasha jenereta, taa ya saa ya mashine ikawaka. Akamimina kahawa ya jana kwenye kikombe, akamshikisha Merle mikononi, akamfungulia kimlango. Merle alikiangalia kikombe, akaliangalia lile sanduku, akaniangalia mimi, mtu mwenye subira anayengoja kuonyeshwa kifaa kigeni. Arvilla akamshika kidole, kile kisicho na bandeji, akakipeleka kwenye kitufe. Kidole kilikuwa kizito, hakijui kitu. Akakibonyezea yeye. Tulisimama watatu dakika moja na nusu tukiiangalia sahani ya kioo ikizunguka. Kengele ikalia.

"Simu hiyo," Merle akaniambia. "Hupokei?"

Arvilla akatoa kikombe kinafuka, akamrudishia. "Mpelekee mke wako," akasema.

Merle akageuza macho kitandani. "Hayupo," akasema.

Basi yule mwanamke akapita mbele yetu, akapanda kitandani na miguu yake yenye vumbi, akavuta blanketi mpaka kidevuni katika joto lile, akafumba macho. Merle alisogea na kikombe hatua mbili. Nikaona kope za Arvilla zinatetemeka. Merle akasimama, akainama kidogo amwangalie vizuri, kisha akakiweka kikombe kwenye meza, taratibu, kisigonge. Akanishika mkono akanivuta kuelekea mlangoni.

"Tumwache mama apumzike," akaninong'oneza. "Amechoka, maskini."

Jioni ile Arvilla alimpigia Rochelle mwenyewe. Hakubembeleza safari hii. Alisema tu, njoo umchukue baba yako, akamtajia mahali pa kukata kona kutoka barabara kuu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi yao, nikamwambia kuhusu lawama yangu. Akasema nikae kimya, yeye ndiye aliyeniambia nifungue ile skrubu ya kwanza, na ana kazi ya kufungasha nguo za mwanamume. Aliandika jina la Merle kwenye kola ya kila shati kwa wino usiofutika.

Rochelle alifika Jumamosi na gari la kukodi. Arvilla hakwenda nao. Alisema atafuata na gari-nyumba polepole, wiki mbili hivi, na sote tulijua kwa nini hakutaka kukaa kiti cha nyuma siku mbili na mtu anayemwita mama. Alimvalisha Merle koti, akamchania nywele, akamfunga mkanda wa kiti. Merle alikubali yote kwa upole wa mtu anayehudumiwa vizuri hotelini. Rochelle alikuwa ameegemea usukani, analia.

Merle akashusha kioo. Akatoa mkono wenye bandeji, akaushika mkono wa Arvilla, akautikisa.

"Asante sana kwa kunikaribisha, mama," akasema. "Umenitunza vizuri mno. Mke wangu atafurahi nikimweleza."

"Karibu tena," Arvilla akamjibu.